Sufuria Mezani, Kamati Imefunga

Nyinyi vijana mnaonizuia nje ya kanisa kila Ijumaa mkiniuliza, "Mama Mwende, somo jipya hupitishwa vipi huku?", leo nawajibu kwa maandishi, maana jua la Doha la saa tano si la kusimama mkapiga gumzo. Tena nimestaafu. Nina muda wa kuandika mpaka chai ipoe, na mwanangu akirudi kutoka zamu hospitalini ananikuta bado niko mezani.

Jambo la kwanza hamtalipenda. Mnapenda sana kuandika. Mwalimu kijana akipata wazo la somo, hukimbilia kompyuta akatoka na kurasa chungu nzima za malengo, mbinu na michoro ya rangi. Mimi humwuliza swali moja: chumba gani? Hapo huniangalia kana kwamba nimemwuliza siri ya ukoo wao. Tulikuwa na mwalimu mmoja wa fizikia, kijana wa Nairobi, mwenye akili zake timamu, aliyetaka kufundisha elimu ya nyota. Wazo lilimpendeza kila mtu. Kamati ikalisifu, ikaagiza darubini ya kutazamia mbali ifuatiliwe, na ni mfagizi wa shule aliyeuliza mlangoni, bila ubaya wowote, wanafunzi wanaorudi nyumbani saa saba mchana watazionea wapi hizo nyota. Somo likalala, na mwalimu wangu akanuna mpaka likizo.

Kwa wasionijua: nilifanya kazi miaka mingi katika shule ya serikali ya wasichana huko Al Thumama, nikiwa mratibu wa mitaala. Jina kubwa, lakini kazi yenyewe ni ya miguu. Mwalimu akija na wazo, mimi ndiye niliyelishika mkono, nikalivika nguo, nikalipeleka mbele ya kamati ya kanda. Kamati ilikuwa ya kina mama watano, wakaguzi na wakuu wa shule, na ilikaa mara chache kwa mwaka. Wakisema ndiyo, somo linapata chumba, vipindi na mwalimu wake. Wakisema hapana, linarudi kwenye droo likalale na wenzake.

Aliyenifundisha kazi ni Abla Ikhlas, mama wa Kisudani mwenye kicheko kinachoanzia tumboni. Abla ndivyo walimu wa kike wanavyoitwa huku. Wiki yangu ya kwanza nilimpelekea pendekezo nene nililokesha nalo. Akalipima mkononi kama anayenunua nyama, akanirudishia.

"Zuri," akasema. "Sasa nani amelisikia?"

"Watalisoma kikaoni."

Akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mwende, ukimpeleka mgeni nyumba ya watu bila taarifa, watamkaribisha, watampa kahawa, na binti hawatamwoza."

Ndipo akaanza kunizungusha kwa wajumbe, mmoja baada ya mwingine, siku nyingi kabla ya kikao. Huongelei somo mara moja. Unauliza hali, unauliza watoto, unanywa gahwa, ile kahawa yao ya Kiarabu, na ukikaribia kuaga ndipo unasema kuna kitu kidogo tunakifikiria. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwenyekiti mwenyewe, Ustadha Moza, Mqatari mtulivu mwenye sauti ya chini ambayo watu hunyamaza ili waisikie. Sikuambiwa kwamba ukitosheka na gahwa unakitikisa kikombe kidogo kabla ya kukirudisha. Mimi nimelelewa Machakos, cha mwenyeji hakikataliwi. Kila kikombe nilichomaliza kikajazwa, na kila kilichojazwa nikakimaliza, mpaka mikono ikaanza kutetemeka yenyewe. Kikombe kikatikisika, msichana akaacha kumimina, na hivyo ndivyo nilivyookoka. Abla Ikhlas alikuwa akinitazama muda wote huo na hakusema neno, yule mwanamke.

Siku hizi mapendekezo yanapakiwa kwenye mtandao. Unajaza visanduku, unabonyeza, na mfumo unakushukuru. Sina ugomvi na mfumo. Ila unauliza kila kitu isipokuwa lile swali la Abla Ikhlas, basi nyinyi jiulizeni wenyewe kabla ya kubonyeza.

Abla Ikhlas alikuwa na mazoea mengine ambayo sikuyaelewa. Baada ya Idi hakukubali kikao chochote chenye chakula, hata biskuti. "Acha kwanza watu wapumue," alikuwa akisema. Nikafikiri anazungumzia uchovu wa kutembeleana sikukuu. Alipostaafu akaenda kukaa na wanawe, nikarithi kiti chake, kabati lake, na maneno hayo nikiwa sijayajua maana.

Sasa niwaambie habari ya Zuhura.

Zuhura ni Mkenya mwenzetu, mtu wa Likoni. Alipika miaka mingi katika hoteli moja ya West Bay, kisha akaja shuleni kwetu kuwa msaidizi wa darasani, kazi ya kugawa vitabu na kusimamia foleni. Mtu mwenye stashahada ya upishi kugawa vitabu ni kama kufungia jogoo kabatini. Haikupita muda akaniomba ruhusa ya kuanzisha kilabu cha upishi baada ya masomo. Nikamwuliza swali langu. Akanijibu papo hapo: "Ile stoo ya madawati mabovu, Mama Mwende. Ina bomba la maji, ina dirisha, na ufunguo nimeshauomba." Nilimpenda tangu siku hiyo.

Si kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Siku ya kwanza walikaanga vitunguu, king'ora cha moto kikalia, na shule nzima ikatoka uwanjani kwa mistari, mwalimu mkuu mbele akiwa na orodha ya majina. Wasichana wa kilabu wakasimama nyuma kabisa wakinukia bizari. Kesho yake walioomba kujiunga walikuwa wengi kuliko viti.

Walikuwa wakipika vya bibi zao. Hiyo ndiyo ilikuwa hila ya Zuhura. Kila msichana alitumwa nyumbani kuuliza chakula kimoja cha zamani, akaja kukipika. Na Zuhura hakuwa mgeni wa vyakula hivyo. Harisi, ile ngano inayopikwa na nyama mpaka ikavurugika ikawa kitu kimoja, kwao Mombasa huitwa bokoboko, na alianza kuisonga akiwa mtoto. Tukaamua kilabu kiwe somo kamili, lenye vipindi, na mwalimu wake awe Zuhura. Tukaliita Chakula cha Nyumbani.

Haikuwa mchezo kwake. Nafasi za wasaidizi zilikuwa zinaondolewa mwisho wa mwaka huo. Mumewe, Athman, ni dereva wa familia moja, na chumba alichopewa na mwajiri ni cha mwanamume mmoja na kitanda chake. Nyumba waliyokaa na watoto wao wawili, kule Al Mansoura, ilitoka shuleni kwa mkataba wa Zuhura. Somo likipita, anakuwa mwalimu na wote wanabaki. Lisipopita, yeye na watoto wanarudi Likoni na Athman anabaki peke yake. Athman ni mtu wa kujiandaa. Alikuwa ameshaanza kukusanya maboksi kutoka dukani, ameyapanga sebuleni makubwa kwa madogo, hata la friji alilipata. Watoto waliyaona wakataka kujengea nyumba, akawakataza wasiyaguse, yasije yakapasuka kabla ya safari. Zuhura alinisimulia hayo akicheka, kisha ghafla akajifanya anatafuta mwiko.

Nikafanya kama nilivyofunzwa. Nikazunguka kwa wajumbe, nikanywa gahwa, nikatikisa kikombe kwa wakati wake. Wanne walipendezwa. Wa tano, Abla Nagwa, mkaguzi wa hisabati kutoka Misri, hakuficha. "Wasichana hawa nyumbani wana wapishi," aliniambia. "Mzazi ataniuliza kwa nini nimempunguzia binti yake hesabu ili akorogee sufuria. Nimjibu nini?" Nikasema atakapoonja ataelewa.

Nikapanga waonje. Nilikuwa mwangalifu jamani, niwaambie ukweli. Mimi Mkristo, lakini sikuwa mshamba wa kupeleka sufuria kikaoni mwezi wa Ramadhani. Nikasubiri mwezi uishe. Nikasubiri Idi ipite, likizo ipite, shule zifunguliwe. Kisha nikaomba kikao cha kwanza kabisa kilichopatikana, ili Zuhura ajue hatima yake mapema. Nikajisifu moyoni kwa busara yangu.

Asubuhi ya siku hiyo Zuhura na wasichana waliingia stoo mapema. Nilipopita kuwakagua, harufu ilikuwa imefika mpaka ofisi ya mhasibu. Nikamwona Zuhura anakoroga, anatazama, ananusa, lakini haonji. Kila mara alimwita Noora, msichana mmoja mrefu mwenye miwani, akampa kijiko. Nikajisemea ana wasiwasi, mate yamemkauka. Nikampigapiga bega nikaenda zangu.

Saa nne kamati ikakaa. Wasichana wakaingia na sahani, samli ikiyeyuka juu ya harisi, kila kitu kikiwa mahali pake. Ustadha Moza akawashukuru mmoja mmoja kwa jina. Hakuna aliyegusa kijiko. Abla Nagwa alipanga kalamu zake. Mjumbe mmoja akaisogeza sahani yake kidogo, kwa adabu, kama anayempisha mtu.

Nikamvuta Zuhura pembeni ya mlango. "Hawakipendi? Kwani kuna nini?"

"Mama Mwende," akanong'ona, "nadhani wamefunga."

"Wamefunga nini? Ramadhani si imeisha?"

"Imeisha. Lakini sisi wanawake tuna siku zetu za Ramadhani tulizokula, ndio twalipa sasa. Na wengine wafunga zile siku sita za sunna za Mfungo Mosi, mwezi huu. Wengi waanza papa hapa baada ya Idi. Hata mimi leo nalipa."

"Wewe umefunga? Na hii harisi nani ameonja?"

"Noora."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani wajua. Miaka yote hii uko huku. Tena siku umeiweka wewe, mkubwa wangu. Ningekurudishaje?"

Hapo ndipo maneno ya Abla Ikhlas yaliponifikia, yamechelewa miaka. Acha kwanza watu wapumue. Kamati ya kina mama watano, siku za baada ya Idi, na mimi nimewawekea sufuria mezani saa nne asubuhi. Aki ya Mungu, nilitamani king'ora cha moto kilie tena.

Ustadha Moza alikuwa akinitazama, na nikaona anajizuia kucheka. "Mwende," akasema kwa upole, "harufu yake ni nzuri sana."

"Basi tuhesabu kwamba tumeonja," akasema Abla Nagwa, akafungua jalada lake. "Tupige kura. Mimi swali langu liko palepale."

Nikamtazama Zuhura. Alikuwa ameshika taulo ya sufuria kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika mtoto. Kura ya wakati huo tungeishindwa, maana hakuna anayelipigia kura somo la chakula akiwa na njaa na aibu pamoja. Nikasimama. Sikuwa nimepanga la kusema.

"Ustadha, naomba kikao kiahirishwe."

"Mpaka mwezi ujao?"

"Mpaka Magharibi."

Abla Nagwa akainua kichwa. "Kamati haijawahi kukaa wakati wa futari."

"Haijawahi pia kualikwa," nikasema, na kabla sijajuta, mjumbe aliyekuwa ameisogeza sahani yake akaanza kucheka, na mwenzake akadakia. Ustadha Moza akauliza kama chakula kitafika jioni kikiwa kizima. Aliyejibu ni Noora, akiwa bado na trei. "Hii ya asubuhi ilikuwa ya haraka, Ustadha. Tukipata mpaka jioni ndiyo itakuwa harisi." Wazazi wakapigiwa simu, mwalimu mkuu akaridhia, na sahani zile za asubuhi zikaenda kwa walinzi wa getini, vijana wa Kiganda, ambao hawakuniuliza swali lolote.

Jioni ile ilikuwa nzuri, vijana. Shule bila watoto huwa kama nyumba iliyohamwa, lakini stoo yetu ilikuwa na taa, mvuke na kelele za vyombo. Wasichana walisonga ngano kwa zamu huku wakihesabiana nani amechoka. Wajumbe wakafika bila majalada, na Abla Nagwa alikuja na binti yake mdogo. Adhana ikasikika, wakafungua kwa tende na maji, wakaenda kuswali. Mimi nilibaki nalinda masufuria, na ninaapa sikuonja.

Walipokaa, Ustadha Moza alikula akamaliza, kisha akaisukuma sahani yake mbele iongezwe. Hiyo peke yake ilitosha kunipa usingizi. Lakini Abla Nagwa ni mtu wa hesabu, na hesabu haimalizwi nusu. Aliweka kijiko chini.

"Chumvi iko sawasawa," akasema. "Mwalimu alikuwa amefunga kutwa. Nani aliyepima?"

Noora akainua mkono.

"Mwalimu alikwambia kiasi gani?"

"Hakuniambia, Abla. Alisema nikionja nikaona imekaa, niache."

"Na kwenu hakuna mpishi?"

"Alikuwepo. Bibi yangu alimfundisha harisi yake, miaka mingi walikuwa wakipika pamoja, sisi tunakula tu. Bibi akafariki. Mwaka jana mpishi naye akarudi kwao." Akasukuma miwani yake juu ya pua. "Kwa hiyo harisi ya bibi yangu sasa iko Kisumu."

Watu wote wakageuka wakanitazama mimi, kana kwamba nimeificha kwenye mkoba. Nikasema Kisumu ni mbali na kwetu, na mimi sihusiki. Hapo Abla Nagwa, ambaye sikuwahi kuyaona meno yake katika miaka yote ya kazi, alicheka mpaka binti yake akamshika mkono. Alipotulia alimtazama binti yake. Kisha akamwambia Noora, kwa sauti nyingine kabisa, "Uliyoonja leo ni yake?"

"Inakaribia," akasema Noora. "Bado tunaitafuta."

Ustadha Moza akafuta mikono. "Nilikuja kuamua kama somo hili lifundishwe," akasema. "Naona limeshafundishwa. Anayekataa?" Hakuna aliyekataa. Abla Nagwa aliweka sharti moja tu, kwamba king'ora cha stoo kirekebishwe kabla ya kitunguu cha kwanza, na nikaliandika mbele yake. Karatasi zenyewe zilipita wiki iliyofuata kwa muhuri na saini, kama kawaida, lakini sijui kama kuna aliyezisoma.

Kwa hiyo mkiniuliza hupitishwa vipi, ndivyo hivyo. Tafuteni chumba. Zungukeni kwa miguu yenu. Mkubwa wenu akikosea siku, mwambieni, hata akiwa mkali kama mimi, na nyinyi mkiwa wakubwa, mwulizeni mdogo wenu kwa nini haonji. Mimi nililia jioni ile, nikiosha masufuria, kwa furaha tupu, na wasichana wakadhani ni sabuni.

Zuhura hakulia. Alitoka nje kwenye ngazi, akampigia Athman, na nikamsikia kupitia dirishani. Nilitegemea atamsimulia kamati, kura, Ustadha Moza. Alisema tu, "Athman, yale maboksi waachie watoto wajengee nyumba."

Ijumaa iliyofuata, baada ya kanisa, nilikwenda Al Mansoura kuwapongeza. Athman alinifungulia mlango, akanyoosha mkono kuelekea sebuleni. Hapakuwa na pa kupita. Nikainama, nikabisha hodi kwenye boksi la friji, na sauti ndogo ikanijibu kutoka ndani: "Karibu, lakini vua viatu."